Nyumba ni Yako, Ardhi ni ya Nani?

MTU anayetafuta nyumba ya kununua Magogoni, Kisauni, hakosi dalali wa kumtembeza. (Hii ni Magogoni ya Mombasa, si ile ya Dar es Salaam yenye Ikulu.) Ataonyeshwa nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, baraza mbele, ua na kisima nyuma, na mabati ambayo bado hayajashika kutu. Bei atakayotajiwa itamfanya ashuku masikio yake, maana upande wa Nyali, mwendo mfupi tu kutoka hapo, pesa hizo huenda zisitoshe hata malipo ya kwanza ya fleti.

Mwenyeji wa Mombasa, kabla ya kuuliza kama bei yapungua, huuliza swali moja: nyumba hii yauzwa na ardhi yake au bila ardhi? Mgeni aliyetoka Nairobi au Kisumu huliona swali hilo kuwa mzaha. Nyumba itakuwaje bila ardhi, kwani imening'inia angani?

Shamba la mwingine

Si mzaha hata kidogo. Mombasa kuna watu wengi wanaomiliki kuta, paa na milango lakini hawamiliki udongo uliobeba vitu hivyo. Mwenye nyumba humlipa mwenye shamba kodi ya ardhi, aghalabu kila mwezi. Nyumba yenyewe huuzwa, hupangishwa na kurithiwa kama mali nyingine yoyote.

Mtindo huu ni mkongwe. Sheria ya Kiislamu, iliyofuatwa mwambao chini ya Sultani wa Zanzibar, ilikubali mtu mmoja amiliki ardhi na mwingine amiliki mnazi au nyumba iliyo juu yake. Waingereza waliotangaza himaya yao mwaka wa 1895 walikuja na fikira tofauti: kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Mwaka wa 1908 wakaleta sheria iliyomtaka kila anayedai ardhi katika ukanda wa Pwani wa maili kumi aandikishe dai lake. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Waliojua njia za afisi walipata hati. Wamijikenda wengi waliokuwa wakilima papo hapo hawakupata kitu. Ndiyo sababu hadi leo shamba moja upande wa Kisauni laweza kuwa na nyumba nyingi na hati moja tu, yenye jina la mtu ambaye wakazi hawajamwona maishani.

Hatari yake ni rahisi kuielewa. Mwenye shamba akiamua kuliuza, mnunuzi mpya aweza kuleta notisi, na baada ya notisi buldoza. Hapo ndipo mtu hugundua kuwa akiba ya miaka ishirini aliiweka kwenye mawe na mabati peke yake.

Madalali wana jibu lao. "Wewe kaa tu, baada ya miaka 12 ardhi itakuwa yako." Ni kweli kwamba sheria ya Kenya humruhusu aliyekalia ardhi ya mtu binafsi kwa miaka 12, waziwazi na bila kukatizwa, kwenda mahakamani kuidai. Lakini lazima awe ameikalia bila ruhusa ya mwenyewe. Anayelipa kodi ya ardhi anakaa kwa ruhusa! Kila risiti anayoiweka kabatini ni ushahidi dhidi yake. Na ikiwa ardhi ni ya umma, miaka hiyo haihesabiwi kabisa.

Wengine husema serikali itanunua shamba na kuwagawia wakazi. Limewahi kutokea, huko Likoni, ambako wakazi wa shamba la Waitiki la karibu ekari 930 walianza kupewa hati Januari 2016. Lakini hata wao walitakiwa walipe Sh182,000 kila mmoja. Kununua nyumba kwa kutegemea bahati kama hiyo ni kucheza kamari.

Hata penye hati

Basi tuseme umepata nyumba yenye ardhi na hati. Usishangilie mapema. Mwezi wa Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha ufuoni Nyali. Kiwanja hicho kilikuwa eneo la umma kabla ya kugawiwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, mwaka wa 1989, kisha kikauzwa na kuuzwa tena. Kampuni ilikuwa na hati mkononi, lakini ilishindwa. Majaji walisema hati haitoshi ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Kwa hivyo mnunuzi wa leo hana budi kuuliza muuzaji aliipata wapi, na aliyemuuzia naye aliipata wapi, hadi afike mwanzo.

Kazi hiyo huanzia kwenye afisi ya usajili wa ardhi, kwa kufanya sachi. Nakala ya hati aliyokuonyesha dalali haitoshi. Sachi itakuonyesha jina la mwenye ardhi, na kama kuna mkopo wa benki au zuio la mahakama juu yake. Kisha mlete mpima ardhi aliyesajiliwa atafute bikoni, kwa kuwa ploti iliyo katika ramani na ile unayoonyeshwa huenda zisiwe moja. Kuwa mwangalifu zaidi unapouziwa kipande cha shamba ambalo halijagawanywa rasmi. Hapo utapewa karatasi ya makubaliano tu, ilhali hati inabaki kwa mwingine.

Nyumba za urithi zina mitego yake. Kaka mkubwa huuza, akala pesa, kisha dada zake wanatokea. Sheria hairuhusu ardhi au nyumba ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha mirathi, na kwa familia za Kiislamu mara nyingi ni Mahakama ya Kadhi inayoamua nani mrithi na fungu lake. Taka kuona karatasi hizo. Ikiwa muuzaji ana mke au mume, hakikisha kuwa naye ameridhia kwa maandishi.

Mkataba wa kununua ardhi sharti uandikwe, utiwe sahihi na ushuhudiwe. Tafuta wakili wako mwenyewe, si yule aliyeletwa na muuzaji. Lipa kupitia benki. Na katika hesabu yako usisahau ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani.

Wapo watakaonunua bila ardhi hata baada ya kusoma haya, na siwalaumu, maana kodi ya nyumba nayo haina huruma. Mtu wa namna hiyo na amtafute mwenye shamba, wala si wakala wake, kabla ya kulipa. Aulize kama anaruhusiwa kujenga kwa mawe, na notisi ni ya muda gani. Asitarajie mkopo wa benki kwa nyumba hiyo, kwani hana hati ya kuweka rehani. Na siku ya kununua asiondoke kabla risiti ya kodi ya ardhi haijaandikwa kwa jina lake.