Kaseti Moja, Hasara Tele

Mwizi wa redio huondoka na redio moja. Mwizi wa mchezo wa video huondoka na kiwanda. Mwaka 1992, kwa maelezo ya Yuji Naka, fundi mkuu wa programu ya mchezo wa Sonic 2 wa kampuni ya Sega, kaseti yake ya majaribio iliibwa kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini New York. Programu iliyomo ikishasomwa kwa mashine, hunakiliwa watakavyo, na mnunuzi wa nakala mbovu humlaumu fundi, si mwizi.

Fundi naye hufuta. Sehemu iitwayo Hidden Palace iliondolewa kabla ya mauzo ya Novemba 1992, lakini nakala ya majaribio iliyosambaa baadaye ilikuwa nayo. Wapenzi wa mchezo, ajabu ya mambo, waliifurahia. Sega yenyewe iliirudisha mwaka 2013, katika toleo la simu.