Mfuko wa viatu una gramu ngapi? Hesabu ya msafiri wa Mwanza

Ndege ndogo za Cessna Caravan zinazoondoka Mwanza kwenda viwanja vya changarawe vya Serengeti zina kikomo kilichozoeleka cha kilo 15 kwa abiria, na mzigo wa mkononi umo humo humo. Ndege kubwa ya Dar es Salaam, kwa tiketi ya kawaida, mara nyingi hukupa kilo 23 za kupakia na 7 za kuingia nazo. Basi linalotoka stendi ya Nyegezi halina mizani: kondakta anatazama shangazi kaja lako limevimba kiasi gani, kisha anataja bei. Kwenye meli ya kwenda Nansio au Bukoba, cha kuogopa zaidi ni maji. Mfanyabiashara au mtumishi wa Mwanza anaweza kupitia vyombo vyote hivi ndani ya mwezi mmoja, na kila mara viatu ndivyo vinavyomsumbua wakati wa kupanga begi. Ni vizito, havikunjiki, na vimetoka kukanyaga tope.

Kwa hiyo swali la mfuko wa kuwekea viatu linastahili kalamu na karatasi. Wengi huanza kwa kuuliza mfuko upi ni mwepesi kuliko yote. Tuanze na viatu vyenyewe.

Jozi ya viatu vya ngozi vya mwanamume, namba 42, huwa na gramu 900 hivi. Raba ni kama 700, ndala kama 300. Jumla ni kilo 1.9. Kwenye kilo 15 hiyo ni asilimia 12.7 ya mzigo, na kwenye kilo 23 ni asilimia 8.3. Ukiweka kila jozi kwenye boksi lake la dukani, lenye gramu 250 au karibu na hapo, umeongeza gramu 750 za kadibodi tupu, yaani asilimia 5 ya mzigo wako wote wa kwenda Serengeti. Na boksi la sentimita 33 kwa 20 kwa 12 linakula lita 8 za begi hata kama ndani yake mna ndala za lita 2. Maboksi matatu ni lita 24, na kwa kondakta wa Nyegezi anayepima kwa macho, hizo ni pesa.

Sasa mfuko. Uzito wa kitambaa hupimwa kwa gramu kwa mita ya mraba, na hapo ndipo ubishi wote unapoisha. Laza jozi ya namba 42 kisigino kwa ncha, kisha zungushia kamba. Mzunguko ni kama sentimita 64, urefu 30. Mfuko ulioshonwa wa sentimita 36 kwa 45 unaitosha na kubakiza mdomo wa kufunga. Kuupata, unakata kitambaa cha sentimita 75 kwa 50, mishono ikiwa imehesabiwa. Hiyo ni mita za mraba 0.375. Zidisha kwa uzito wa kitambaa chochote unachotaka.

Kitambaa cha mwamvuli kina gramu 60 hivi kwa mita ya mraba, kwa hiyo mfuko wake utakuwa na gramu 23. Ule mfuko mbadala wa madukani, wenye gramu 70 kwa mita, utatoa gramu 26. Sandarusi ya kiroba cha sukari au unga, yenye kama gramu 80, ni 30. Bafta ya pamba, yenye gramu 120, ni 45. Turubai zito la pamba, lenye 300, ni 113. Mifuko ya viatu ya kununua, yenye zipu, dirisha la wavu na sponji katikati, hufika 150 na kupita.

Linganisha vilivyo mbali zaidi. Jozi tatu kwenye turubai ni gramu 338 za mifuko. Kwenye kitambaa cha mwamvuli ni 68. Tofauti ni gramu 270, sawa na asilimia 1.8 ya kilo 15. Hiyo ni tofauti ya kujali. Lakini kati ya mwamvuli na bafta, kwa jozi zote tatu, tofauti ni gramu 68 tu, chini ya nusu ya asilimia moja. Ukivaa viatu vya ngozi siku ya kusafiri badala ya kuvipakia, umeokoa gramu 900, zaidi ya mara tatu ya tofauti kati ya mfuko mzito na mwepesi, na hujatoa hata senti. Ukiacha raba nyumbani, 700 nyingine. Hata tope lina neno: udongo mweusi wa mbuga wa Magu na Misungwi, mvua ikishanyesha, hujaa kwenye meno ya soli, na gramu 100 kwa jozi si ajabu. Brashi ya dakika mbili inaokoa kuliko kuhama kutoka bafta kwenda kitambaa chepesi kuliko vyote.

Msimamo wangu basi ni huu: kitambaa kikishashuka chini ya gramu 120 hivi kwa mita ya mraba, acha kuhesabu uzito. Kuanzia hapo kinachochagua mfuko ni sheria, maji, na miaka utakayoutumia.

Sheria kwanza, kwa sababu ndiyo ghali. Rambo la plastiki ni jepesi kuliko kila kitu nilichotaja, kama gramu 6, na bado kuna watu wanaovuta moja la zamani kutoka chini ya kitanda kila wanapopanga safari. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania Bara. Kukutwa nayo au kuitumia ni faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote pamoja. Kuiuza ni kuanzia 100,000 hadi 500,000. Ukilinganisha na bafta, rambo linakuokolea gramu 39 na kukuweka kwenye hatari ya angalau shilingi 30,000. Ukivuka Sirari kuingia Kenya, huko marufuku ilianza tarehe 28 Agosti 2017 na adhabu za juu zinafika shilingi milioni 4 za Kenya. Ukipita Rusumo kwenda Kigali, Rwanda imeikataza tangu 2008. Msafiri wa kanda ya ziwa ana mipaka hii jirani, na hakuna hata mmoja kati ya hii ambako rambo linakaribishwa.

Mfuko mbadala nao una kipimo chake kisheria: gramu 70 kwa mita ya mraba, si chini ya hapo. Ule mwembamba unaoona mwanga ukipenya na vidole vyako upande wa pili haujafika. Ukishika miwili pamoja dukani, halali na usio halali, utaitambua tofauti: ule wa gramu 70 una vidoa vidogo vilivyobanwa vizuri na ukiuvuta kwa kidole gumba haunyumbuki haraka, ule mwembamba unaacha alama ya kidole.

Kuna jambo jingine kuhusu mfuko huu ambalo watu hawaambiwi vya kutosha. Unaitwa wa kitambaa, unashonwa kama kitambaa, lakini umetengenezwa kwa polipropilini, nayo ni plastiki. Uanike juani juu ya bati miezi kadhaa kisha uusugue: unavunjika kuwa unga mweupe. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa sangara na sato walionunuliwa Mwanza, na plastiki ilithibitishwa matumboni mwa asilimia 20 ya kila aina. Mmoja kati ya watano, kwenye samaki tunaokula kila siku. Hilo linanigusa kuliko gramu zote za ukurasa huu, na linapaswa kumgusa kila anayenawa mikono kwa maji ya Ziwa Victoria.

Maji sasa. Kiatu kilichovaliwa kutwa nzima kimenyonya jasho, na kuanzia Machi hadi Mei kimenyonya na mvua. Kitambaa cha mwamvuli kinazuia tope na unyevu visifike kwenye shati, na mawimbi yakirusha maji sitahani kinalinda kiatu chenyewe. Lakini hakipumui; kiatu kibichi kikilala humo usiku mzima wa basi kwenda Dar, utakifungua kikinuka. Bafta inapumua, ila inapitisha unyevu. Dawa ya yote mawili ni ile ya wazee: gazeti. Karatasi ya gazeti ina gramu 45 hivi kwa mita ya mraba, kwa hiyo ukurasa mmoja wa kukunjua ni kama gramu 10. Viringisha mmoja ndani ya kila kiatu, gramu 20 kwa jozi, na ukifika gesti uzitoe zikiwa zimelowa. Bafta pamoja na gazeti ni gramu 65. Mwamvuli pamoja na gazeti ni 43. Raba nyeupe zisiguswe na gazeti, wino unahama. Tumia vipande vya bafta vilivyobaki kwa fundi. Kiatu kikiwa kikavu, jaza soksi ndani badala ya gazeti, maana nafasi ya ndani ya jozi ya namba 42 ni kama lita 2 ambamo vinginevyo unasafirisha hewa.

Tuje kwenye shilingi. Bei nitakazotaja ni za mfano. Weka unazozikuta Makoroboi au kwa muuza vitambaa wako. Tuseme bafta ya upana wa mita moja na nusu ni shilingi 4,000 kwa mita. Mita moja inatoa vipande vinne kamili vya 75 kwa 50, bila mabaki. Kila kipande ni 1,000. Fundi cherehani 1,000, kamba ya kiatu ya kukazia mdomo 500. Mfuko mmoja: 2,500. Kwa safari 60 kabla haujachakaa, ni shilingi 42 kwa safari. Mfuko mbadala wa shilingi 500, ambao mshono wake umeunganishwa kwa joto na huanza kuachia pembeni, tuupe safari 5: shilingi 100 kwa safari.

Lakini bafta inarudisha fedha yake pale tu inapofika safari ya 25. Anayesafiri kila mwezi anafika huko katika miaka miwili. Anayesafiri Krismasi na Pasaka tu atahitaji zaidi ya miaka 12, na kwa pesa zake pekee, mfuko wa 500 ni halali kabisa na ni nafuu. Hata hivyo, kwake ningependekeza mwamvuli uliovunjika mbavu. Kitambaa chake cha kipenyo cha mita moja kinatoa kipande kimoja cha 75 kwa 50 na mabaki ya kuunga mfuko wa ndala. Kitambaa ni bure, fundi na kamba ni 1,500, na faida inaanza safari ya 15. Kiroba kitupu nacho hutoa mifuko mitatu. Nyuzi zake hufumuka ukingoni, kwa hiyo fundi apitishe kiberiti kwenye ukingo kabla ya kushona.

Ukubwa wa jambo hili unaonekana ukitoka kwenye begi la mtu mmoja. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,699,872 mkoani Mwanza. Chukua mmoja kati ya kumi, anunue mfuko mbadala mmoja kwa mwaka kwa ajili ya viatu tu. Hiyo ni tani 9.7 za polipropilini kila mwaka. Ikiwa ni bafta, ni tani 16.6 za kitambaa, kwa mara moja, kisha wengi hawanunui tena kwa miaka.

Bafta ni pamba, na pamba ndiyo iliyoijenga Mwanza. Muungano wa vyama vya ushirika vya kanda hii ulioanzishwa 1955, Paul Bomani akiwa kinara wake, ulisimama juu ya zao hilo. Pamba mbegu ikichambuliwa hutoa nyuzi kama theluthi ya uzito wake, kwa hiyo mfuko wa gramu 45 unatokana na gramu 135 za pamba mbegu, tuseme 150 ukihesabu hasara ya kiwandani. Bei ya mkulima imekuwa shilingi elfu moja na kitu kwa kilo. Mkulima wa Kwimba anapata basi kama shilingi 150 katika mfuko wa 2,500. Fundi wa mtaani anapata 1,000. Sehemu kubwa ya nyuzi zetu husafirishwa nje zikiwa hazijasokotwa, na tofauti kati ya hizo 150 na 1,000 za kitambaa ndiyo tunayoiachia mikono ya wengine kila bafta inapokuwa imefumwa nje ya nchi. Ukinunua, uliza ilikofumwa. Mwenye duka makini anajua.

Maelekezo ya kumpa fundi ni mafupi. Akate 75 kwa 50, akunje upande wa 75, ashone chini na ubavuni kwa mishono miwili, mdomoni akunje sentimita 3 za kupitishia kamba. Kamba iwe ya sentimita 100, maana mdomo una mzunguko wa 72 na fundo linahitaji iliyobaki. Bafta ifuliwe kabla ya kukatwa, inarudi. Kwa namba 45 na kuendelea, kata 80 kwa 55. Mfuko utafika gramu 53.