Mjane na Jina la Bwana

Leo twanena habari za majalada ya pensheni ya Marekani. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, askari weusi wapatao 179,000 walipigana upande wa serikali. Wengi walikuwa wametoka utumwani, na ndoa zao hazikuandikwa popote. Basi mjane alidaije pensheni? Alileta mashahidi: waliohudhuria arusi, mkunga aliyemzalisha, wenzake wa utumwani. Karani aliandika maneno yao, mara nyingi pamoja na jina la bwana aliyewamiliki. Jina hilo, ijapokuwa ni chungu, huwafaa wajukuu: hulitafuta katika hati za mirathi, ambamo watumwa walihesabiwa pamoja na ng'ombe. Majalada yamehifadhiwa Washington. Asomaye awe na subira, kwani wengi walibadili majina walipopata uhuru, na umri waliukisia tu.