Kuchagua Mtungi wa Kuzimia Moto

Katika nyumba za Ruanda, mkoani Songwe, moto wa kuni ukiruka nje ya mafiga humwagiwa maji, ukazimika. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani ya kuwa maji ni dawa ya kila moto. Sivyo. Katika maabara, yaani chumba ambamo wanafunzi wa sekondari hufanya majaribio ya sayansi, maji yaweza kuukuza moto badala ya kuuzima.

Moto hauishi bila vitu vitatu: kitu cha kuungua, joto, na hewa ya oksijeni. Kimojawapo kikiondolewa, moto hufa. Maji huondoa joto. Basi yafaa kwa kuni, karatasi na nguo. Lakini petroli, kama ile ichukuliwayo na malori yapitayo Tunduma kwenda Zambia, ni nyepesi kuliko maji. Ikimwagiwa maji huelea juu yake, ikaendelea kuwaka na kutambaa. Tena maji hupitisha umeme, na mwenye kuyamwaga juu ya waya uwakao aweza kufa.

Kwa hiyo mwenye kuchagua mtungi hana budi kuuliza kwanza: Kitakachoungua hapa ni nini?

Mtungi wa povu hufunika mafuta yawakayo. Lakini povu lina maji, halifai kwa umeme. Mtungi wa unga huzima mioto ya namna nyingi, ila unga wake huenea na kuharibu vyombo vya thamani, kama hadubini. Mtungi wa kaboni dayoksaidi hutoa hewa iliyo nzito kuliko hewa ya kawaida, nayo huitenga oksijeni na moto. Haipitishi umeme, wala haiachi uchafu; basi yafaa sana penye spiriti na vyombo vya umeme. Hata hivyo, katika chumba kidogo kilichofungwa yaweza kumkosesha mtu pumzi.

Madini mawili ya maabara hayakubali maji wala mtungi huo, nayo ni sodiamu na magnesiamu. Sodiamu ikiguswa na maji hutoa hewa ya hidrojeni iwezayo kulipuka. Magnesiamu iwakayo hunyang'anya oksijeni iliyomo ndani ya kaboni dayoksaidi yenyewe, ikazidi kuwaka. Dawa yake ni mchanga mkavu, nao huwekwa tayari katika ndoo. Na nguo za mtu zikishika moto, hulazwa chini akafunikwa blanketi zito.

Mtungi hutundikwa karibu na mlango. Mwenye kuutumia husimama mlango ukiwa nyuma yake, akaulenga kwenye shina la moto, si kwenye ndimi zake. Mtungi mdogo wa kaboni dayoksaidi humalizika kabla ya nusu dakika. Ukimalizika na moto ungali ukiwaka, hana budi kutoka upesi, kufunga mlango, na kuwaita wazima moto, ambao nambari yao ya simu katika Tanzania ni 114. Vyombo vya maabara hununuliwa tena, uhai haununuliwi.