Mafungo ya kimya: nini hubaki baada ya siku kumi?

Katika wilaya za Handeni na Korogwe, kata ya Kwedizinga ikiwamo, desturi ya mtu kujitenga na shughuli zake ili atulie si jambo la jana wala juzi. Waislamu, ambao ndio wengi miongoni mwa Wazigua, hukaa itikafu, yaani hubaki msikitini kwa nia ya ibada, hasa katika kumi la mwisho la Ramadhani, na Wakristo huenda mafungo, yaani siku kadhaa za sala na ukimya chini ya uongozi wa padri au mtawa. Kilicho kipya ni dai la kitabibu linaloenezwa siku hizi, kwamba kunyamaza kwa siku nyingi na kutafakari hutuliza wasiwasi, huondoa sonona na hata kuubadili ubongo, na dai la namna hiyo halipimwi kwa ushuhuda wa waliorudi na nyuso zenye bashasha.

Mafungo ya kimya yanayojulikana zaidi duniani ni yale ya vipasana, ambayo S. N. Goenka, mzaliwa wa Mandalay nchini Burma, alianza kuyafundisha India mwaka 1969. Kwa siku 10 mshiriki huamka saa 10 alfajiri na kutafakari kwa takriban saa 10 kila siku. Hasemi na wenzake, hasomi, haandiki, simu yake huwekwa na wasimamizi, na hata kupeana ishara ni marufuku. Siku za mwanzo huzitumia kufuatilia pumzi inavyoingia na kutoka puani, kisha huipitisha fikra yake mwilini, kiungo kwa kiungo, akiangalia kila hisia bila kuifukuza wala kuing'ang'ania. Mafungo ya Kijesuiti, kama yale yanayotolewa katika kituo cha Mwangaza mtaani Karen, Nairobi, nayo ni ya kimya na huweza kuchukua siku 8 au 30, ila mshiriki hukutana na kiongozi wake wa kiroho kila siku, tofauti ambayo umuhimu wake utaonekana hapa chini.

Kwamba ukimya unaugusa mwili ni jambo lisilo na ubishi mkubwa. Mwaka 2006 watafiti wa Italia wakiongozwa na Luciano Bernardi, waliokuwa wakichunguza athari za muziki, waligundua kuwa mapumziko ya kimya ya dakika 2 katikati ya nyimbo yalishusha mapigo ya moyo na shinikizo la damu kuliko muziki wenyewe. Kuhusu mafungo hasa, Andrew Newberg na wenzake wa Marekani walichapisha mwaka 2017 vipimo vya ubongo vya Wakristo 14 waliofanya mafungo ya wiki moja ya mtindo wa Kijesuiti, wakaona mabadiliko katika protini zinazosafirisha dopamini na serotonini, kemikali zinazohusika na hamasa na hali ya moyo. Watu 14 ni wachache mno, na hapakuwa na kundi la ulinganisho, yaani watu wengine wanaopimwa vivyo hivyo bila kwenda mafungo, kwa hiyo haijulikani kama mabadiliko yaliletwa na sala, na ukimya au na kulala tu mbali na kazi.

Swali hilo ndilo kiini cha shaka yote, na utafiti ulioligusa vizuri zaidi ni ule wa Elissa Epel na wenzake uliochapishwa mwaka 2016. Wanawake 94 walikaa siku 6 katika hoteli moja ya mapumziko huko California; 30 walikuwa watafakari wazoefu, na 64 waliobaki waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakafundishwa kutafakari na wengine wakastarehe tu. Mwishoni mwa siku hizo makundi yote yalikuwa na nafuu, na mabadiliko makubwa katika utendaji wa jeni yalionekana kwa wote, pamoja na wale waliostarehe. Tofauti ilijitokeza baada ya miezi 10, pale wanagenzi waliojifunza kutafakari walipokuwa bado na dalili chache za sonona kuliko wenzao wa likizo. Kwa maneno mengine, nafuu ya wiki ya kwanza inaweza kupatikana hata kwa mtu aliyekwenda kupunga upepo Pangani. Inayodumu, kama ipo, inatokana na alichojifunza.

Ushahidi wa muda mrefu zaidi unatoka katika Mradi wa Shamatha, ulioongozwa na Clifford Saron wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ambapo mwaka 2007 watu 60 walishiriki katika mafungo ya miezi 3 kwa zamu mbili, waliosubiri zamu ya pili wakitumika kama kundi la ulinganisho. Uwezo wa kukaza fikra juu ya kazi moja uliongezeka, na miaka 7 baadaye sehemu ya ongezeko hilo ilikuwa ingalipo, hasa kwa waliozidi wenzao katika kuendelea kutafakari nyumbani, ingawa haikukua zaidi ya pale ilipofikia wakati wa mafungo. Ikumbukwe kwamba wanaojitolea kujitenga kwa miezi 3 si watu wa kawaida: wana muda, wana fedha na tayari wanaamini, na imani ya mgonjwa katika dawa yake huchangia nafuu anayoisikia. Kuhusu ubongo kubadilika umbo, utafiti mkubwa wa mwaka 2022 kutoka kundi la Richard Davidson haukuona badiliko lolote la umbo baada ya mafunzo ya kutafakari ya wiki 8, na dai hilo sasa linafaa kunadiwa kwa sauti ya chini.

Upande wa madhara ulichelewa kuchunguzwa. Miguel Farias na wenzake, walipounganisha matokeo ya tafiti 83 mwaka 2020, walikadiria kwamba takriban asilimia 8 ya watafakari hupatwa na athari mbaya, wasiwasi na sonona zikiongoza. Katika mafungo ya kimya sababu za hatari hurundikana pamoja: usingizi hupungua, chakula hupungua, na mara nyingi mtu hana wa kumweleza kinachomsibu. Kukosa usingizi peke yake kunaweza kuamsha kichaa cha furaha kupita kiasi kwa mwenye ugonjwa wa hisia mseto, yaani ule unaompandisha na kumshusha mtu kati ya msisimko na huzuni nzito. Ndiyo maana waandaaji makini humuuliza mwombaji historia yake ya maradhi ya akili kabla ya kumpokea, na ndiyo maana pia kukutana na kiongozi kila siku, kama wafanyavyo Wajesuiti, si urembo wa ratiba.

Wilaya ya Korogwe ina kielelezo chake katika jambo hili. Juu kwenye milima ya Usambara ipo Hospitali ya Lutindi, iliyoanza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani na kugeuzwa mwanzoni mwa karne ya 20 kuwa hospitali ya magonjwa ya akili, leo ikiwa chini ya Kanisa la Kilutheri. Mahali ni pa utulivu mwingi, lakini pamoja na dawa mgonjwa hupewa kazi za mikono na za shamba afanye na wenzake. Hafungiwi na mawazo yake. Fikihi ya Kiislamu nayo ilikwisha kuweka mpaka wake: katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, mtu aliyeweka nadhiri ya kufunga huku akisimama juani bila kuketi wala kusema aliamriwa na Mtume aseme, akae, apate kivuli na akamilishe saumu yake. Itikafu inamtaka mtu aache upuuzi, haimtaki awe bubu.

Kwa mkulima wa Kwedizinga, kuacha mahindi siku 10 wakati wa palizi ni gharama kubwa hata pale mafungo yanapotolewa bure, kama yalivyo ya Goenka yanayoendeshwa kwa michango ya waliotangulia. Hata hivyo Goenka mwenyewe aliwaagiza wanafunzi wake watafakari kwa muda wa saa moja asubuhi na saa moja nyingine jioni kila siku baada ya kurudi nyumbani, na kwa kuwa tafiti za Epel na Saron kwa pamoja zinaashiria kwamba kinachodumu hutokana na alichojifunza mtu na kukiendeleza, bei halisi ya mafungo ni hizo saa 2 za kila siku, na waliojaribu husema kuzipata katika nyumba yenye watoto ni kazi ngumu kuliko kunyamaza siku 10.