Ukilala garini Malindi, jihadhari na mbu

Je, unapanga kuipeleka familia Malindi kwa gari lenye vitanda? Kabla ya kukagua magurudumu, fikiria mbu. Kaskazini mwa mji huo mto Sabaki huingia baharini, na kandokando yake mna vidimbwi na vinamasi. Usiegeshe gari la kulala karibu na maji hayo.

Aliyekaa Nairobi miaka mingi hana kinga ya kutosha dhidi ya malaria, hata kama alizaliwa Pwani. Mbu aenezaye ugonjwa huu huuma usiku, wakati ambapo joto hukufanya uache madirisha wazi. Yazibe kwa wavu, na kila kitanda kiwe na chandarua kilichotiwa dawa.

Mwone daktari wiki 3 kabla ya safari akuchagulie dawa ya kinga, hasa kama kuna mja mzito au watoto wadogo. Usiiache mara urudipo. Baadhi humezwa kwa wiki 4 zaidi.

Dalili huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa, pengine ukiwa umesharudi kazini. Ukishikwa na homa, usidhani ni mafua tu. Nenda ukapimwe damu siku hiyo hiyo, na umweleze daktari ulikolala.