Kunyanyua Vyuma: Tugawe Vipi Siku za Wiki?

Mwezi huu tunazungumza na vijana wetu wa Tunduma, Mlowo na Vwawa ambao jioni hukusanyika uani kunyanyua vyuma, mara nyingi bomba lenye makopo mawili yaliyojazwa saruji. Zoezi hili ni jema. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima kuimarisha misuli yote mikubwa angalau siku 2 kwa wiki.

Tatizo ni mpangilio. Wengi hufanyia mazoezi kifua na mikono kila siku, miguu wakaisahau. Tukumbuke kwamba misuli hujengeka wakati wa kupumzika, kwa msaada wa chakula na usingizi. Misuli iliyofanya kazi nzito yafaa ipumzike kama saa 48 kabla ya kurudiwa.

Anayeanza afanye mazoezi ya mwili mzima Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Aliyezoea anaweza kugawa: Jumatatu na Alhamisi kifua, mgongo, mabega na mikono; Jumanne na Ijumaa miguu na tumbo. Siku zinazobaki apumzike.

Je, yule anayeshinda akipakia malori mpakani? Huyu asiige ratiba ya karani anayeshinda kitini. Gunia la kahawa safi lina kilo 60, na la mahindi hufika kilo 100, mbali na lumbesa ambayo sheria inaikataza. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipendekeza hatua zichukuliwe ili mzigo anaobeba mwanamume mmoja usizidi kilo 55. Hivyo, kufikia jioni, mgongo na miguu ya mpakiaji imekwisha kufanya mazoezi ya siku hiyo. Kuinua tena chuma kizito kutoka chini ni kumwongezea mzigo punda aliyekwisha kulemewa.

Kwake tunashauri jioni 2 tu kwa wiki, zilizoachana: pushapu, mazoezi mepesi ya mabega na ya tumbo. Kama anataka kufanyia mazoezi miguu na mgongo, achague siku isiyo na mzigo, na kesho yake asipakie. Siku aliyopakia kutwa, anywe maji, ale ugali kwa maharage, dagaa au mayai, kisha alale mapema.

Maumivu ya misuli ya siku mbili tatu ni ya kawaida. Lakini maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni, ganzi, au mkojo wenye rangi ya chai ya rangi baada ya kazi nzito, ni dalili za hatari. Asisubiri wala asinywe dawa za maumivu ili aendelee kubeba. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Lori likivunjika hupatiwa vipuri. Mgongo wa kijana anayelisha familia hauna vipuri dukani.